Mshauri Anayekutenga na Watu Wako

Nianze na familia yenyewe, maana usipoijua familia hii utakisoma kisa chote kama habari za watu waovu wa nchi ya mbali, kisha uendelee na mambo yako.

Ruby Franke na mumewe Kevin waliishi Springville, jimbo la Utah, Marekani. Kevin alifundisha uhandisi chuo kikuu, Ruby alilea watoto nyumbani. Walijaaliwa watoto 6. Mwaka 2015 Ruby alifungua chaneli ya YouTube akaiita 8 Passengers, yaani abiria wanane, kwa hesabu ya watu wa nyumba ile. Akawa anarekodi maisha yao ya kila siku, kuanzia kifungua kinywa na kazi za shule hadi ugomvi wa watoto na safari za likizo. Watu walimpenda kwa sababu alionekana mama aliyejipanga, mwenye msimamo, asiyeyumbishwa na machozi ya mtoto. Wafuasi waliongezeka hadi kufika kama milioni 2.5. Ni mama wangapi kati yao walikaa jikoni usiku, nyumba imelala, wakimtazama na kujiuliza mbona mimi nashindwa? Mimi nimekaa hivyo mbele ya kina mama wengine wa kwenye simu, najua inavyouma.

Msimamo ule ulikuwa na upande mwingine, nao haukufichwa. Katika video moja Ruby alisimulia kwamba mwalimu wa binti yake wa miaka 6 amemwarifu kuwa mtoto hana chakula cha mchana. Akakataa kumpelekea. Alisema kufungasha chakula ni jukumu la mtoto mwenyewe, na akatumaini hakuna mtu shuleni atakayempa. Mwaka 2020 kijana wake mkubwa alieleza mbele ya kamera kuwa kwa miezi 7 halali chumbani kwake. Alinyang'anywa chumba kwa kumfanyia mdogo wake mzaha, akawa analala juu ya mfuko wa kukalia. Watazamaji walishtuka, wakalalamika, maofisa wa ustawi wa watoto wakaarifiwa. Mambo yakaishia hapo.

Mama huyu alihitaji mtu wa kumshika mkono na kumwambia, dada, hapa umezidi. Na mshauri alikuwepo, tena kwa karibu sana.

Jodi Hildebrandt alikuwa mshauri wa afya ya akili mwenye leseni halali ya jimbo la Utah. Naitaja leseni makusudi, kwa kuwa tumezoea kuambiana kwamba ukitaka usalama tafuta mwenye cheti, basi. Huyu alikuwa nacho. Alikuwa pia na doa. Mwaka 2012 mamlaka ya leseni ilimweka chini ya uangalizi kwa kutoa habari za mteja wake bila idhini ya mteja. Siri ya mteja ndiyo amana ya kwanza katika kazi ya unasihi, na aliyeivunja si mtu wa kukabidhiwa nyumba yako bila kuuliza maswali.

Kazi yake kubwa ilikuwa kampuni aliyoiita ConneXions, iliyouza masomo ya mtandaoni juu ya ndoa, malezi na uraibu, pamoja na vikundi vya watu wazima. Waliofundisha humo waliitwa wakufunzi na makocha. Tofauti ya majina hayo ni kubwa kuliko inavyosikika. Mshauri mwenye leseni ana mamlaka juu yake. Ukimlalamikia ataitwa, ataulizwa, na anaweza kupokonywa leseni. Kocha wa maisha hana wa kumwita. Yeyote anaweza kuamka asubuhi akajiita hivyo, awe Utah au Ubungo.

Mafundisho ya Jodi yalisimama juu ya maneno mawili, ukweli na upotoshaji. Anayekubali mafundisho yuko katika ukweli, anayehoji yuko katika upotoshaji. Hebu utazame mtego huo kwa makini. Mume akisema jamani hapa tumepitiliza, kauli yake yenyewe ndiyo ushahidi kwamba amepotoka. Mtoto akilia, machozi yake ni ujanja. Dada akipiga simu kuuliza hali, anakuja kuleta upotoshaji wake. Neno lolote la kumzindua mama lilishawekewa jibu kabla halijafika. Wateja wa zamani wa Jodi walikuja kusimulia kwa waandishi wa habari jinsi ndoa zao zilivyovunjika mikononi mwake.

Akina Franke walimwendea kwa sababu ile ile inayowapeleka wazazi wengi kwa mshauri. Kijana mkubwa alikuwa anawasumbua. Kutoka kwa kijana, ushauri ukahamia kwenye ndoa, na kutoka kwenye ndoa ukaingia nyumba nzima. Mwaka 2021 Jodi alihamia kwao, akaishi humo kwa muda. Ningetamani mtu angepiga kelele siku ile. Mshauri halali kwa mteja wake, hafanyi naye biashara, hawi shoga yake wa chanda na pete, kwa sababu siku atakapopaswa kumwambia ukweli mchungu atakuwa na mengi ya kupoteza. Ruby naye akawa mkufunzi wa ConneXions, na mwaka 2022 wawili hao walikuwa na ukurasa wa pamoja wa kufundisha kina mama wenzao malezi.

Sasa angalia watu walivyopungua. Wazazi na dada zake Ruby walisogezwa mbali. Binti yake mkubwa, Shari, aliyekuwa chuoni, alikatiwa mawasiliano. Katikati ya mwaka 2022 ikawa zamu ya mume. Aliambiwa aondoke nyumbani akajirekebishe, naye akaondoka, akiamini kwamba utii huo ndio utakaookoa ndoa yake. Alikaa zaidi ya mwaka mbali na watoto wake. Mtu mzima, msomi, baba wa watoto sita! Simtaji kwa kumkejeli. Namtaja ili mwanamume anayesoma haya asidhani elimu yake inamkinga.

Septemba 2022 majirani wa Springville waliona watoto wako peke yao siku kadhaa, mama yuko kwa Jodi kusini kabisa mwa jimbo. Shari akawapigia polisi, akawaambia wadogo zake wameachwa. Polisi walifika, wakagonga. Watoto walikuwemo ndani, lakini mlango haukufunguliwa. Polisi hawakuwa na sababu ya kisheria ya kuingia kwa nguvu, wakageuza, wakaenda zao. Ulipita karibu mwaka mzima.

Tarehe 30 Agosti 2023, mtoto wa kiume wa miaka 12 alitoka kupitia dirisha la nyumba ya Jodi huko Ivins, mji mdogo kwenye jangwa la kusini mwa Utah, ambako Agosti jua linachoma kama kaa la moto. Alikuwa amekonda. Akatembea hadi kwa jirani, akabonyeza kengele, akaomba apelekwe kituo cha polisi. Jirani alitazama chini, akaona mkanda wa gundi kwenye vifundo vya miguu. Mtoto aliomba chakula na maji. Jirani na mkewe wakampa, kisha jirani akapiga 911, namba ya dharura. Rekodi ya simu ile ilitolewa hadharani baadaye. Unamsikia mtu mzima akieleza alichokiona, na sauti inamkwama kwa kilio.

Polisi walipoingia kwa Jodi walimkuta mdogo wa kike wa mtoto yule, naye amedhoofika kwa njaa. Hati za mahakama zilieleza yaliyotokea majira yale ya joto. Watoto wale wawili walifanyishwa kazi na adhabu juani, wakanyimwa chakula na maji, wakafungwa mikono na miguu, na vidonda vya kufungwa vikapakwa pilipili na asali. Waliambiwa wana uovu ndani yao na kwamba mateso hayo ni ya kuwasaidia kutubu. Sitasimulia zaidi, watoto hao bado wanakua na wana haki ya kuachiwa yaliyo yao.

Desemba 2023 wanawake wote wawili walikiri mashtaka manne ya ukatili mkubwa dhidi ya watoto. Tarehe 20 Februari 2024 kila mmoja alihukumiwa vifungo vinne, kila kimoja cha mwaka 1 hadi 15, vitumikiwe kimoja baada ya kingine. Kwa sheria ya Utah jumla yake haizidi miaka 30. Ruby alilia mahakamani na kuwaomba watoto wake msamaha.

Waendesha mashtaka walisema kiini cha ukatili ule ni itikadi kali ya kidini. Watazamaji wa zamani wa chaneli walisema mama yule alikuwa na roho ngumu tangu mwanzo, wakarudi kwenye video kuonyesha ushahidi. Sina ubishi na yeyote kati yao. Ila mama mwenye roho ngumu, akiwa na mume ndani, mama yake mzazi kwenye simu, dada anayekuja siku za mapumziko na jirani anayeruhusiwa kubisha hodi, hafiki alikofika Ruby. Mmoja atasema. Mwingine atamchukua mtoto akalale kwake hata siku mbili. Tangu mfuko wa kukalia wa 2020 hadi dirisha la 2023, ukali wa Ruby ulizidi, lakini kilichobadilika zaidi ni idadi ya watu waliokuwa karibu na watoto wale. Waliondolewa mmoja mmoja, kwa jina la tiba.

Nisingekiandika kisa hiki kama kisingenigusa hapa hapa nyumbani. Nina shoga yangu Tanga, mama wa kijana wa miaka 15. Mwaka juzi kijana alianza kutoroka shule na kuiba vijisenti ndani. Mama mtu akaangukia kwa mtu mmoja aliyejiita mwanasaikolojia wa malezi, anayetoa ushauri kwa WhatsApp, malipo kwa simu kabla ya mazungumzo. Mwanzoni alisaidika kweli. Alipata mtu wa kumsikiliza dakika 40 bila kumkatiza, jambo ambalo sisi mashoga zake hatukumfanyia. Sisi tulikuwa tunamwambia mchape, au mwache, atakua. Hilo nalikiri, na lilinifundisha kwa nini watu wanalipa.

Wiki ya tatu alinipigia, akaniwekea ujumbe wa sauti nisikilize. Sauti tulivu, yenye upole. Ilisema tatizo la mtoto ni bibi yake, bibi anamdekeza, basi bibi apumzishwe miezi mitatu asikanyage pale. Ikaendelea kwamba haya tunayozungumza usimshirikishe mtu, watakuvunja moyo. Shoga yangu alikuwa ameshamwambia mama yake mzazi asije. Yule bibi ndiye aliyekuwa akiwapo mchana kijana akirudi shule, anamtengea chakula, anamuuliza maswali ya kichokozi. Sasa kijana alikuwa anarudi kwenye nyumba tupu.

Nilimuuliza jina kamili la mshauri wake. Hakulijua, alijua jina la ukurasa. Nikamuuliza kama mshauri anajua anaishi mtaa gani. Hajawahi kuulizwa. Alipomwandikia kwa adabu kutaka kujua amesomea wapi na amesajiliwa wapi, alijibiwa kwamba maswali yale yanaonyesha hayuko tayari kupona, kisha akafungiwa namba. Nilipokuja kusoma habari za Utah nilikumbuka jibu lile. Anayehoji ndiye mgonjwa.

Baada ya hapo bibi alirudi kutoka Muheza na kikapu cha machungwa. Alimkuta kijana amelala saa nane mchana, akamwamsha, akampa kisu na sahani, akamwambia amenye. Wakamenya wote wawili barazani. Chungwa la nne au la tano kijana akaanza kusema. Kuna vijana wakubwa njiani wanamdai pesa kila asubuhi, asipotoa wanampiga, ndiyo maana anatoroka, ndiyo maana anaiba. Wiki tatu za ushauri wa kulipia juu ya mtoto yule, na hakuna aliyemuuliza mtoto.

Hata hivyo nitakuwa nimewakosea wazazi nikiwaambia waache ushauri wa mtandaoni. Wanasaikolojia na madaktari wa akili katika nchi zetu ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Mwaka 2005 daktari wa akili Dixon Chibanda wa Zimbabwe alimpoteza mgonjwa wake, msichana aliyejiua. Familia ilitaka kumleta kwa daktari. Ilikosa nauli ya basi, kama dola 15. Nauli ya namna hiyo simu inaiokoa. Mama wa Newala au Lodwar mwenye mtoto mwenye usonji, baba aliyefiwa anayeona haya kuonekana kwenye korido ya kliniki, msichana wa kazi za ndani Muscat anayetamani kuongea na mtu kwa Kiswahili, hao wote simu ya video inaweza kuwafikishia mtaalamu ambaye basi lisingewafikisha kwake.

Chibanda hakuanza na simu. Mwaka 2006 alianza na kina bibi 14 wa Mbare, Harare, akawafunza kusikiliza na kumsaidia mtu kupanga hatua za kutatua jambo moja kwa wakati mmoja. Wakakaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Ugonjwa wa sonona wanauita kwa Kishona kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopitia benchini walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Malawi na Zanzibar. Kinachonivutia zaidi ni kinachofuata baada ya benchi. Aliyemaliza vikao hukaribishwa kwenye kikundi cha watu waliokwisha kukaa hapo kabla yake, wanaoshona mikoba huku wakizungumza. Tiba haikuishia kwa bibi na mgonjwa wake. Ilimrudisha mtu kwa watu.

Mtaalamu wa kweli wa mtandaoni utamjua mapema, kabla hujamaliza kueleza shida yako. Kikao cha kwanza atakuuliza uko wapi sasa hivi, mji gani, mtaa gani. Atakuuliza nani yuko karibu nawe, na atataka jina na namba ya mtu mmoja anayeweza kumpigia ukizidiwa. Anafanya hivyo kwa sababu yuko mbali, hawezi kukushika bega, na lolote likitokea itabidi mtu wako akufikie kabla yake. Miongozo ya taaluma juu ya tiba ya masafa inataka maandalizi hayo, ikiwemo ile ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Mshauri mwema huanza kwa kuandika jina la jirani yako. Yule wa Tanga alianza kwa kumfuta bibi.

Atakueleza pia habari ya siri na mwisho wake. Siri ni yako wewe mteja, si yake. Yeye ndiye amefungwa mdomo. Wewe uko huru kumsimulia mumeo, mama yako, shehe wako au padri wako kila neno lililosemwa. Mshauri akikwambia usimwambie mtu, ameigeuza amana iwe kufuli, na kufuli hilo limefungwa kwako. Na hata siri yake ina mpaka. Mtu anapotaka kujidhuru, au mtoto anapokuwa hatarini, mshauri mwaminifu anakwambia tangu siku ya kwanza kwamba hapo atanyanyua simu.

Muulize bila woga amesomea wapi, anasimamiwa na nani, amesajiliwa wapi. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, na kuna bodi ya usajili unayoweza kuiuliza. Tanzania unaweza kupiga hospitali au chuo anachosema anafanya kazi, ukauliza kama wanamfahamu. Aliyesota darasani miaka minne haoni haya kuulizwa cheti chake. Ila kumbuka Jodi alikuwa na cheti. Karatasi inakueleza mtu alipita mlango gani, haikuelezi anakupeleka wapi. Hilo utalijua kwa kuhesabu baada ya mwezi mmoja. Watu unaozungumza nao wameongezeka au wamepungua? Umempigia ndugu uliyekuwa umemnunia, au umeongeza wa kumnunia? Mtoto wako anacheka zaidi ukiwa chumbani, au ananyamaza ukiingia?

Wapo ndugu ambao kukaa nao mbali ni salama, hilo nalijua. Mwanamke anayepigwa anahitaji kuondoka, na mshauri mzuri atamsaidia kuondoka. Lakini atamsaidia afike mahali, kwa dada, kwa shangazi, kwenye dawati la jinsia la polisi, kwa wakili. Hatamwondoa kwa watu wote akabaki naye peke yake.

Kwetu mwambao mwari alikuwa na somo wake, yaani mwanamke wa kumfunda, na ushauri aliopewa ulikuwa wa faragha, ndani, mlango umerudishwa. Lakini nyumba nzima ilijua somo ni nani, mtoto wa nani, na nani alimchagua. Akimfundisha binti jambo la kumdhuru, angeitwa na wazee kabla jua halijazama. Faragha ile ilikuwa na macho nje ya mlango. Sina nia ya kuturudisha huko, kwa maana somo naye alikuwa na makosa yake na mengine yaliwaumiza wanawake. Nachukua hilo moja tu, kwamba anayekushauri gizani ajulikane mchana.

Kwa hiyo mwambie mtu. Kama umeanza ushauri kwa simu, mpe mtu mmoja unayemwamini jina la mshauri wako, siku unazozungumza naye, na ruhusa ya kukuuliza maendeleo. Kama una mume, asikutane na jina hilo kwa mara ya kwanza kwenye miamala ya simu. Na mtoto anayezungumzwa kwenye vikao hivyo apate nafasi ya kusikilizwa mwenyewe, na mtu asiyelipwa kukufurahisha wewe.

Na wewe usiye na mshauri wala shida, uliye jirani tu, kisa hiki ni chako pia. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Haisemi uwe ndugu, haisemi uwe na uhakika wa asilimia mia. Yule mtoto wa Ivins hakuokolewa na wafuasi milioni 2.5 waliomtazama akikua. Aliokolewa na nyumba ya jirani yenye kengele mlangoni na mtu ndani aliyekubali kutazama chini kwenye miguu yake.

Kama kuna mtoto mtaani kwenu hujamwona wiki mbili sasa, na mama yake siku hizi hasalimii mtu, nenda ukabishe hodi leo. Wasipofungua, piga 116. Ni simu ya watoto, Tanzania, Kenya na Uganda, na haina malipo.